Mchoraji wa Mabango

Ukishuka matatu pale Skuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri, utaona picha kabla hujamwona mtu wa kumwamkia. Matatu yenyewe uliyoshuka ina sura ya mwimbaji ubavuni, au ya shujaa wa senema aliyekunja uso kama mtu anayedai nauli. Ng'ambo ya barabara pana kibao cha bucha chenye kichwa cha fahali, na kando yake kibao cha kinyozi chenye vichwa vya vijana watatu walionyolewa kwa mitindo mitatu, ingawa wote watatu wamepewa pua moja. Wapita njia huzitazama picha hizi kila siku, nao hawaulizi ni nani aliyezichora. Aghalabu hazina sahihi.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na sehemu ya kazi yangu ni kupima michoro ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda kufundisha katika shule za msingi. Mwaka mmoja kijana mmoja, ambaye wakati wa likizo alijitafutia karo kwa kuandika vibao vya maduka, alileta mbele yangu ubao wa bucha kuwa ndiyo kazi yake ya mwisho wa muhula. Fahali alikuwa amechorwa vema. Nikamwuliza ni nani aliyemwagiza auchore. Akanitajia mwenye bucha, na bei waliyopatana. Basi nikaandika katika karatasi yake kwamba kazi ya kuagizwa si sanaa bali ni kibarua, nikampa alama za chini. Aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, Mwalimu," akauchukua ubao wake akaenda zake. Ulitundikwa Skuta juma lilo hilo, na upo hata leo. Kila nipitapo, fahali yule hunitazama.

Je, nilihukumu kwa haki? Mtu akitaka kuipima hukumu yake, ni vema aipeleke mbali na nyumbani, kwa mtu asiyemjua wala asiye na deni naye. Nimechagua kuipima kwa maisha ya Drew Struzan, Mmarekani aliyechora majalada ya santuri na mabango ya senema kwa muda wa karibu miaka arobaini. Huenda hujapata kulisikia jina lake, lakini yamkini umeiona kazi yake. Kwani aliyechora mabango ya Back to the Future, ya Indiana Jones, na bango la filamu ya kwanza ya Harry Potter mwaka 2001, ni yeye. Mabango yake ya senema yalizidi 150. Ikiwa kazi ya kuagizwa si sanaa, basi mtu huyu hakupata kuwa msanii hata siku moja, kwa maana karibu kila alichojulikana nacho kiliagizwa.

Alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Oregon, na mwaka 1965 akaingia chuo cha Art Center huko Los Angeles. Yasimuliwa, na mwenyewe alipenda kusimulia, kwamba mshauri wa chuo alimtaka achague njia moja kati ya mbili: ama uchoraji wa sanaa safi, ambapo mtu huchora apendacho, ama uchoraji wa vielelezo, ambapo mtu huchora atakiwacho. Alipoelezwa kuwa hiyo ya pili ndiyo yenye malipo, aliichagua papo hapo. Alikuwa maskini, na kabla ya kumaliza masomo alikwisha kuwa na mke na mtoto. Kijana wangu wa Skuta angeweza kueleza uchaguzi huo kwa maneno machache kuliko hayo.

Umaskini ule ulimfuata hata katika namna ya kupaka rangi, na hapa naomba msomaji aende nami polepole. Rangi ni ghali. Mwanafunzi tajiri hukamua kibomba akapaka rangi nzito, na akikosea hupaka tena juu yake. Struzan hakuwa na uwezo huo, kwa hiyo alijizoeza kutumia rangi kidogo mno. Alichukua ubao ulio kwisha pakwa rangi nyeupe ya chini, akachora sura zote kwa penseli kwa uangalifu mwingi mpaka picha ikawa kamili kabla ya rangi. Kisha akanyunyizia rangi nyepesi kwa kinyunyizi cha hewa, chombo kidogo kama kalamu kinachopuliza rangi kama ukungu, nacho hutumika pia kwa kupamba matatu. Mwisho akaingia na penseli za rangi, akaongeza joto la shavu, unyevu wa jicho, nywele moja moja. Ndiyo sababu watu wake huonekana kama wanatoa nuru kutoka ndani: weupe wa ubao hupenya rangi nyembamba, nao ndio mwanga wenyewe. Wachoraji wengi waliomwiga baadaye hawakuwa na shida ya kununua rangi. Walitafuta kwa makusudi kile ambacho yeye alikipata kwa kukosa.

Kazi yake ya kwanza ya kudumu ilikuwa ya majalada ya santuri, katika kampuni iliyoitwa Pacific Eye & Ear. Miaka ya 1970 santuri ilikuwa kubwa kama sinia, na jalada lake lilikuwa picha ambayo kijana aliweza kuiweka ukutani. Muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme na ngoma nzito, ulihitaji picha zenye kishindo kama chake. Struzan alilipwa dola 150 hadi 250 kwa jalada moja. Alimchorea Alice Cooper jalada la Welcome to My Nightmare mwaka 1975, nalo likasifiwa sana. Lakini ninaloliona mimi kuwa bora ni la mwaka 1973, alilowachorea Black Sabbath kwa santuri yao Sabbath Bloody Sabbath. Upande wa mbele, mtu amelala kitandani akiteswa na mashetani, na rangi zote ni za moto. Ukiligeuza jalada, waona kitanda tena na mtu tena, lakini huyu afa kwa utulivu, watu wake wamemzunguka, na rangi zimepoa zikawa za samawati. Mwenye kuagiza alitaka jambo la kuwashtua vijana dukani. Aliletewa mafundisho mawili juu ya kifo, yaliyotenganishwa na unene wa karatasi tu, na mnunuzi hawezi kuupata upande wa pili mpaka mkono wake mwenyewe umeligeuza jalada. Sijui vitabu vingi vya mashairi vyenye mpangilio wa akili kama huo.

Kutoka santuri akaingia katika senema. Alianza na filamu za bei rahisi, zile za wadudu wakubwa na wanyama walao watu, na kipindi hicho nitakipita upesi. Bahati yake ilifunguka filamu ya Star Wars ilipotayarishwa kuonyeshwa tena mwaka 1978. Bango jipya lilikuwa limepewa Charles White, bingwa wa kinyunyizi cha hewa, ambaye aliweza sana kuchora vyombo na mitambo lakini hakujiamini katika nyuso za watu. Akamwita Struzan wagawane: White achore vyombo vya angani na watu wa chuma, Struzan achore binadamu. Walipokwisha, tatizo likatokea. Mkataba ulidai majina mengi yaandikwe chini ya bango, na nafasi haikutosha. Watu wengine wangelipunguza picha. Hawa wawili walichora ubao wa ukuta nyuma yake, wakaifanya picha yao ionekane kuwa ni bango kuukuu lililobandikwa juu ya mbao, limechanika kingo, kama bango la sarakasi lililoachwa mjini baada ya sarakasi kuondoka. Majina yakapata nafasi juu ya mbao hizo. Tena bango likapata jambo ambalo halikuwamo katika wazo la kwanza, yaani kumbukumbu: filamu iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu ikaonekana kama hadithi ya zamani ambayo babu zetu waliipenda.

Nasita hapa kidogo, kwa sababu ndipo hukumu yangu ya zamani ilipoanza kuniuma. Nilikuwa nimedhani kwamba agizo ni kamba inayomfunga msanii, na kwamba akifunguliwa ndipo atakapofanya kazi nzuri. Walakini katika bango hili wazo zuri kuliko yote lilizaliwa na kamba yenyewe. Kama majina yangalitosha, mbao zisingalikuwapo. Wenzetu wa fasihi wanalijua jambo hili tangu zamani. Mtunzi wa shairi la arusi huambiwa jina la bibi arusi na jina la bwana arusi, akahesabiwa siku, na juu ya hayo ana vina na mizani vya kumbana. Hata hivyo hatusemi kuwa shairi lake ni kibarua kwa sababu alipewa posho. Na Michelangelo aliichora dari ya kanisa la Sistina huko Roma, kati ya mwaka 1508 na 1512, kwa mkataba na Papa Julius wa Pili, wala hakuipenda kazi ile alipoipewa.

Bango ambalo ningependa kila mwanafunzi alitazame kwa dakika tano nzima ni la filamu The Thing ya mwaka 1982. Struzan aliagizwa asubuhi na kutakiwa alitoe asubuhi iliyofuata. Hakuwa ameiona filamu, wala hakuwa na picha za waigizaji, bali aliambiwa habari kwa ufupi: watu wako katika nchi ya barafu, na kuna kiumbe kinachoweza kujigeuza kuwa mtu yeyote. Alifanya kazi usiku kucha, na yasemekana ubao ulipochukuliwa rangi ilikuwa bado mbichi. Picha ni ya mtu mmoja aliyevaa koti zito la baridi, amesimama mikono ameitanua, na mahali pa uso wake, ndani ya kofia ya koti, hapana uso. Pana mwanga tu, unaopasuka kwa miali mikali. Sababu ya kwanza ni dhahiri: hakuwa na sura ya kunakili. Lakini tazama alivyoitumia sababu hiyo! Hofu ya filamu ile yote ni kwamba humjui aliye mbele yako. Na mtu asiye na uso ndiye picha kamili ya hofu hiyo. Bwana huyu, aliyesifiwa duniani kwa kupatia nyuso, alifanya kazi yake bora siku aliyonyimwa uso.

Sitaki msomaji adhani kwamba namsifu kwa kila kitu. Mhakiki anayesifu tu hana kazi. Struzan alikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilikua pamoja na sifa zake. Katika Back to the Future ya mwaka 1985, kijana mmoja anatoka katika gari lake, mguu mmoja nje, anatazama saa ya mkononi kwa mshangao, na nyuma yake magurudumu yameacha michirizi ya moto. Jambo ni moja, nalo latosha: wakati umeharibika. Mwaka 1989 ilipokuja filamu ya pili, mzee mwenzake aliongezwa kando yake. Na mwaka 1990, katika ya tatu, akaongezwa mwanamke. Mchezo huo wa kuongeza mtu kwa kila filamu una ucheshi wake, nami naupenda. Lakini katika mabango mengi ya baadaye, hasa yale ya Star Wars ya mwaka 1999, 2002 na 2005, nyuso zimepangwa moja juu ya nyingine kama matunda katika kapu la sokoni Karatina, kubwa juu na ndogo chini, kila moja ikiangalia upande wake. Kila uso ni mzuri. Zikiwa pamoja hazisemi lolote ila kwamba waigizaji walikuwa wengi. Pia aliwapendelea mno watu wake. Hakuna ngozi yenye kovu isipokuwa hadithi yadai kovu, na hata waovu wana nywele zilizotengenezwa. Hapo kweli naona mkono wa mlipaji, na mchoraji aliyeacha kushindana naye.

Basi tofauti haiko katika kuagizwa au kutoagizwa, maana mabango mazuri na mabaya yote aliagizwa. Iko katika jambo ambalo mimi, mwalimu wa kupima michoro, sikuuliza: alipopewa mipaka, aliifanya nini?

Mwisho wa kazi hiyo uliletwa na tarakilishi. Tangu miaka ya 1990 ilizidi kuwa rahisi kukata picha za waigizaji na kuziunganisha kwa programu, na wenye kampuni za senema wakapenda njia hiyo, kwa kuwa uso uliounganishwa waweza kusogezwa hata dakika ya mwisho bila kumwomba mtu aliyeshika penseli. Mwaka 2008 Struzan alitangaza kwamba anastaafu, ingawa baadaye alirudi mara chache. Mwaka mmoja kabla yake, Frank Darabont alitengeneza filamu The Mist, ambayo mhusika wake mkuu ni mchoraji wa mabango aliyeundwa kwa mfano wa Struzan. Inaanza mchoraji akiwa kazini usiku. Dhoruba inaangusha mti, mti unavunja dirisha, na picha aliyokuwa akiichora inaharibika. Mnamo Machi 2025 familia yake ilitangaza kwamba ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu, umemzuia hata kushika brashi. Alifariki tarehe 13 Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 78.

Huku kwetu picha za barabarani zilipata adui mwingine. Sheria za matatu zilizoanza kutumika Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, zilidai mstari wa manjano ubavuni mwa kila gari, na picha nyingi zikafutika chini ya rangi moja. Sheria zile zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, nami sizilaumu kwa hayo. Lakini mafundi wa rangi walipoteza kuta zao zinazotembea, na ilipita miaka mingi kabla ya picha kurudi. Wala si kweli kwamba mwandika vibao hawezi kwenda mbele. Chéri Samba alifungua karakana ya vibao mjini Kinshasa mwaka 1975, akawa akitundika picha zake nje ili wapita njia wazione. Mwaka 1989 picha zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Paris. Hapa Kenya, Joseph Bertiers Mbatia alianza kwa kuchora vibao vya baa na vya bucha, na picha zake zimenunuliwa hadi Marekani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekana vibao alivyoanza navyo. Maneno ambayo Samba huyaandika ndani ya picha zake ni maneno ya kibao, yameingia tu mahali pa heshima.

Mwezi uliopita nilikwenda Skuta si kwa safari nyingine bali kwenda kuutazama ubao ule. Nilisimama mbele ya bucha hata mwenyewe akaniuliza ni kilo ngapi. Nikaona jambo ambalo sikuliona siku ile nilipokuwa nimeushika mikononi mwangu. Ubao ule ni nusu ya mlango wa zamani. Bila shaka ndio pekee ambao kijana aliweza kuupata. Tundu la kitasa lilikuwa bado wazi, karibu na ukingo. Mtu mwingine angeliziba kwa kipande cha mti akapaka rangi juu. Yeye alikigeuza kichwa cha fahali kitazame upande, akakishusha kidogo, mpaka tundu lile likawa tundu la pua. Ndiyo maana fahali wake huonekana kama anavuta pumzi. Na ndiyo maana ameinamisha shingo namna ile, jambo ambalo katika karatasi yangu nililiita kosa la mpangilio.

Kijana sasa anafundisha shule ya msingi upande wa Nanyuki. Nimemwandikia barua. Zile alama siwezi kuzibadili; ziko katika daftari la chuo, nalo lilikwisha fungwa mwaka ule ule.